Upungufu wa Madini Chuma Mwilini na Kiharusi kwa Vijana
Mada kwa mkutano wa wananchi wa Kata ya Ihanda



Kiharusi kimezoeleka kuwa ugonjwa wa wazee. Mzee wa miaka 70 akiamka asubuhi mkono mmoja haunyanyuki na mdomo umekwenda upande, jamaa huhuzunika lakini hawashangai. Kinapompata mama wa miaka 28 aliyejifungua mwezi uliopita, au dereva wa bodaboda wa miaka 32, maelezo huanza kutafutwa mbali na mwili wa mgonjwa. Husemwa kwamba amerogwa, amekanyaga kitu, au amepigwa na pepo. Siku mbili tatu hupita kabla hajafikishwa hospitali, na siku hizo ndizo ambazo tiba ingekuwa na nguvu zaidi. Isidhaniwe kwamba imani hizo ni za vijijini peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliowahoji wakazi wa Dar es Salaam na wa Wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, ulionyesha kinyume chake: watu wa jijini ndio waliohusisha zaidi kiharusi na mapepo na uchawi, ilhali wanavijiji wa Hai walitaja shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na mawazo mengi.

Ziko sababu nyingi za kiharusi kwa kijana. Mada hii inaishughulikia moja ambayo huonekana ndogo, haina kishindo, hupimwa kwa tone la damu na hutibiwa kwa vidonge vya bei nafuu, nayo ni upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa madini chuma.

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote anayovuta mtu. Hauna ghala. Ukikatiwa oksijeni kwa dakika chache, sehemu iliyokatiwa huanza kufa. Kiharusi hutokea pale mshipa wa kupeleka damu kwenye ubongo unapoziba au unapopasuka. Iko pia aina ya tatu, adimu kuliko hizo mbili, ambapo damu huganda katika mishipa ya kurudisha damu kutoka kwenye ubongo kwenda moyoni. Aina hii huwapata zaidi wanawake vijana, hususan wajawazito na waliojifungua karibuni, nayo aghalabu huanza kwa maumivu makali ya kichwa yanayoendelea kwa siku kadhaa, kutoona vizuri, au degedege kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa. Mama mzazi mwenye dalili hizo asiambiwe kwamba ni uchovu wa uzazi.

Tanzania imo katika kumbukumbu za dunia kuhusu ugonjwa huu. Kati ya mwaka 2003 na 2006, watafiti walifuatilia kaya za Hai na za Dar es Salaam wakihesabu kila kiharusi kipya. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, walipata takriban wagonjwa wapya 109 kwa mwaka kwa kila watu 100,000 huko Hai, na takriban 316 Dar es Salaam. Kiwango hicho cha pili ni miongoni mwa vya juu kabisa vilivyowahi kupimwa mahali popote. Mambo yaliyobainika kuongeza hatari yalikuwa shinikizo la damu, sigara, kisukari na maambukizi ya Virusi vya UKIMWI. Hili la mwisho Kagera haiwezi kulipita kimya, maana ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa mwaka 1983. Nao utafiti wa Hospitali ya Taifa Muhimbili uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba takriban theluthi moja ya wagonjwa wa kiharusi waliolazwa walikuwa na umri usiozidi miaka 45. Hao ndio wenye kulima, kulea na kulipa ada.

Sasa chuma kinaingiaje?

Karagwe haihitaji kufundishwa thamani ya chuma. Katika hazina ya watawala wake pale Bweranyange kulikuwa na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma, na mapokeo yanamtaja Ndagara kuwa mtawala aliyekuwa pia mfua chuma. Mwili wa mtu mzima nao una chuma chake: gramu 3 au 4 kwa jumla, uzito wa msumari mdogo. Sehemu kubwa ya msumari huo imo ndani ya chembe nyekundu za damu, katika kitu kiitwacho himoglobini, ambacho ndicho hubeba oksijeni kutoka mapafuni. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha mwili huzivunja na kukitumia tena chuma kile kile. Mwili ni mchumi hodari wa chuma. Kwa siku hupoteza miligramu moja tu au zaidi kidogo. Kwa sababu hiyo mtu mzima anayeishiwa chuma mara nyingi ama anapoteza damu mahali fulani, ama anadaiwa na mwili mwingine ulio ndani ya wake, yaani mimba, ama chakula chake kimekuwa pungufu kwa muda mrefu. Mara nyingi mambo hayo hukutana kwa mtu mmoja.

Chuma kikipungua, himoglobini hupungua, na oksijeni inayofika kwenye ubongo huwa kidogo. Moyo hujaribu kufidia kwa kupiga haraka na kusukuma damu kwa kasi kubwa. Hilo ni la kwanza, na ni rahisi kulielewa. La pili halitarajiwi na wengi. Damu hupungua wekundu, lakini uwezo wake wa kuganda unaweza kuongezeka. Katika damu zimo chembe sahani, ambazo kazi yake ni kuziba kidonda. Mtu mwenye upungufu wa chuma mara nyingi huwa na chembe hizo nyingi kuliko kawaida, na utafiti wa Chuo cha Imperial cha London uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba chuma kikiwa kidogo, chembe sahani hunata kwa wepesi zaidi. Utafiti huo ulihusu watu wapatao 500 wenye kasoro ya mishipa ya mapafu, kasoro ambayo huruhusu mabonge madogo ya damu kupita hadi kwenye ubongo. Waliokuwa na chuma kidogo walikuwa na hatari ya kiharusi karibu mara mbili ya wenye chuma cha kutosha. Si kila mtu ana kasoro hiyo, lakini chembe sahani ni zile zile kwa binadamu wote.

Tafiti nyingine mbili zafaa kutajwa. Huko Toronto, Kanada, mwaka 2007, madaktari waliwalinganisha watoto wadogo waliopata kiharusi wakiwa awali wazima na watoto wengine wa umri wao. Zaidi ya nusu ya wenye kiharusi walikuwa na upungufu wa damu wa madini chuma, ilhali miongoni mwa wenzao haikufika hata mtoto mmoja kati ya kumi. Watoto wenye kiharusi walikuwa 15 tu, kwa hiyo tarakimu hiyo ipokewe kwa tahadhari. Utafiti wa Taiwan wa mwaka 2013 ulikuwa mpana zaidi: wagonjwa wa kiharusi zaidi ya 51,000 walilinganishwa na watu wasio na ugonjwa huo, na uwezekano wa kuwa waliwahi kugunduliwa na upungufu huu ulikuwa mkubwa kwa wenye kiharusi kwa takriban asilimia 45.

Maneno haya yasitiwe chumvi. Mambo mawili kuonekana pamoja hakuthibitishi kwamba moja limezaa jingine, na walio wengi wenye upungufu wa damu hawatapata kiharusi maishani mwao. Shinikizo la damu linabaki kuwa adui namba moja, na kijana mwenye miaka 30 anayejiona mzima hana sababu ya kukwepa kupimwa. Wala vidonge vya chuma si dawa ya kuzuia kiharusi. Atakayekuja gulioni kuviuza kwa jina hilo afukuzwe. Hoja ni nyepesi zaidi ya hapo. Upungufu wa damu ni ugonjwa unaostahili kutibiwa kwa ajili yake wenyewe, na sasa iko sababu moja zaidi ya kutoupuuza kwa kijana.

Nao umeenea mno. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu, na asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59. Si upungufu wote huo unaotokana na chuma. Malaria, selimundu na magonjwa mengine yana fungu lao. Hata hivyo, ukosefu wa chuma ni miongoni mwa sababu kubwa, na kwa mwanamke anayeingia hedhini kila mwezi huwa ndiyo ya kwanza kufikiriwa.

Tazama sahani ya kawaida ya hapa. Ndizi hushibisha, lakini chuma chake ni kidogo sana. Maharage yana chuma cha kutosha, ila kimefungwa pamoja na vitu vinavyouzuia utumbo kukinyonya, hivyo kinachoingia katika damu ni sehemu ndogo tu. Kisha hufuata chai ya rangi au kahawa, ambayo hukizuia zaidi kile kidogo kilichobaki. Hakuna anayeitaka Karagwe iache kahawa. Kinachoshauriwa ni kuitenga na mlo kwa saa moja au mbili, na wakati wa chakula kuleta mezani kitu chenye vitamini C: nyanya mbichi, limau, pera, papai au nanasi. Vitu hivyo hukifungua chuma cha maharage na cha mboga za majani. Nyama, maini, dagaa na samaki hutoa chuma kinachonyonywa kwa urahisi zaidi, na kiasi kidogo chake katika sufuria husaidia hata kile cha maharage kiingie. Dagaa wa Ziwa Victoria hupatikana karibu kila gulio, na si chakula cha anasa. Ikiwa mboga hiyo ni ya baba peke yake, basi aliye na upungufu mkubwa ndiye anayenyimwa.

Jirani wa Rwanda wametoa fundisho linalofaa kuigwa. Huko zimesambazwa mbegu za maharage zilizozalishwa kwa njia ya kawaida ya kuchagua na kuchanganya mbegu ili ziwe na chuma kingi. Wanafunzi wa kike wa chuo kikuu mjini Huye walilishwa maharage hayo kila siku kwa siku 128, wengine wakila ya kawaida. Waliokula yenye chuma kingi waliongezeka himoglobini na akiba ya chuma. Maharage ni chakula cha kila siku cha Ihanda pia. Swali la mbegu hizo lipelekwe kwa afisa ugani wa kata.

Yako mambo mengine yanayokula chuma polepole. Minyoo ya safura huingia kupitia ngozi ya miguu isiyo na viatu na kunyonya damu utumboni. Jina lenyewe, safura, katika Kiswahili cha zamani lilimaanisha weupe na uvimbe wa mtu aliyeishiwa damu. Malaria huvunja chembe nyekundu. Mimba zinazofuatana karibu karibu humaliza akiba ya mama kabla haijajazwa. Wanawake wengi huona hedhi inayotoka kwa siku nane au yenye mabonge kuwa ndiyo kawaida yao, kwa sababu hawajawahi kuulizwa. Na wale wanaojikuta wakitamani udongo, mkaa au mchele mbichi wajue kwamba tamaa hiyo mara nyingi ni dalili ya upungufu wenyewe, na udongo hauuponyi. Ingawa ardhi ya Karagwe ni nyekundu kwa chuma, udongo unaoliwa huzuia chuma cha chakula kunyonywa, na huweza kuleta mayai ya minyoo.

Kwa mwanamume hali ni tofauti na inahitaji neno lake. Mwanamume mzima hana hedhi wala mimba. Akikutwa na upungufu wa madini chuma, asipewe vidonge na kurudishwa nyumbani bila kuulizwa damu inapotelea wapi. Huenda ni vidonda vya tumbo, huenda ni dawa za maumivu anazomeza kila siku kwa ajili ya mgongo, huenda ni jambo zito zaidi katika utumbo. Choo cheusi kama lami kwa mtu asiyetumia vidonge vya chuma ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Dalili za upungufu huja pole pole kiasi kwamba mwenyewe huzizoea. Kupanda kilima na ndoo ya maji, ambako zamani hakukumsumbua, sasa kunamlazimu kusimama mara mbili. Moyo unadunda akiwa amekaa. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja akiinuka, viganja na ndani ya kope vinapauka. Nyumbani huitwa mvivu, na binti wa shule huambiwa hapendi masomo. Mara nyingi tuhuma ya uvivu ndiyo inayomfanya asiseme lolote.

Kupima ni jambo la dakika chache: tone la damu ya kidole. Kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini iliyo chini ya gramu 12 kwa desilita ni pungufu. Kwa mjamzito, kwa kawaida ni chini ya 11. Kwa mwanamume, chini ya 13. Yeyote atakayepimwa aulize tarakimu yake na aikumbuke, kama anavyokumbuka uzito wa mtoto wake kliniki. Wenye selimundu wasianze vidonge vya chuma bila kuelekezwa na mtaalamu, kwani upungufu wao wa damu ni wa namna nyingine. Nao wako katika hatari ya kiharusi tangu utotoni, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, Mwanza, imekuwa ikipima kasi ya damu katika mishipa ya ubongo wa watoto wenye selimundu na kuwapa dawa ya haidroksiyurea ili kupunguza hatari hiyo.

Vidonge vya chuma vinavyotolewa kliniki kwa wajawazito vinafahamika, na inafahamika pia kwamba vingi huishia kabatini. Huleta kichefuchefu, hufunga choo na kukifanya cheusi. Weusi huo si ugonjwa. Kichefuchefu hupungua vikimezwa baada ya chakula kidogo au wakati wa kulala, na mhudumu anaweza kupanga vimezwe siku moja na kurukwa inayofuata. Visimezwe kwa chai wala maziwa. Aliyetibiwa upungufu asiache mara tu nguvu zinaporudi, kwa sababu damu hujaa kwanza na akiba baadaye. Aghalabu matibabu huendelea miezi mitatu baada ya kipimo kuwa kizuri. Na vifichwe mahali mtoto hafiki. Vidonge vichache tu vikimezwa na mtoto mdogo vinaweza kumuua.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mahali ambapo upungufu wa damu umefikia asilimia 40 ya wanawake wa umri wa kuzaa au kuzidi, hata wasio wajawazito, wakiwemo wasichana, wapewe chuma kila siku kwa miezi mitatu mfululizo katika mwaka. Wastani wa nchi katika utafiti uliotajwa umevuka mstari huo. Ni halali kabisa kwa Kamati ya Maendeleo ya Kata kuuliza, kwa maandishi, ni wasichana wangapi wa shule za Ihanda wamepimwa damu mwaka huu, na vidonge vya kuwatosha vitaagizwa lini.

Linabaki la dharura yenyewe. Uso ukilegea upande mmoja, mkono au mguu ukipoteza nguvu ghafla, maneno yakivurugika, jicho likikosa kuona kwa ghafla, umri wa mgonjwa usiulizwe. Iangaliwe saa, na saa hiyo iandikwe, kwa sababu dawa ya kuyeyusha bonge la damu, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na daktari atauliza. Mgonjwa alazwe kwa ubavu, asinyweshwe maji wala uji, kwani huenda koo limepooza na kinywaji kikaingia mapafuni. Asichanjwe chale. Asipewe aspirini nyumbani; ikiwa mshipa umepasuka, dawa hiyo itazidisha damu kuvuja, na hakuna awezaye kutofautisha kuziba na kupasuka kwa macho, hata daktari, mpaka ubongo upigwe picha. Apelekwe hospitali moja kwa moja, Nyakahanga au iliyo karibu zaidi, kwa gari kama lipo. Bodaboda haimfai mtu asiyeweza kujishikilia. Huko atapimwa shinikizo la damu, sukari na kiwango cha damu, na ikilazimu atapewa rufaa ya Bukoba kupitia Kyaka, safari ndefu ambayo haifai kuanza ikiwa jioni imeshaingia kwa sababu tu asubuhi nzima ilitumika kujadili nani amemroga.

Kila kitongoji kiwe na namba ya simu ya mwenye gari aliyekubali kuitwa usiku, na nauli ijulikane kabla. Orodha hiyo ibandikwe ofisi ya kijiji, zahanati na kwenye nyumba za ibada.